Walimaliza palizi, mume wangu akawaitia mgambo

Mama, shikamoo.

Nakusoma siku nyingi, nacheka na kulia na barua za wenzangu, sikujua kama zamu yangu ingefika. Nina miaka 38 na watoto wanne. Tunaishi wilaya ya Kasulu, kijiji kisicho mbali na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mume wangu ni mkulima, mimi nauza dagaa na mawese. Nataka ujue mapema kwamba mume wangu si mtu mbaya. Halewi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na ada za watoto hulipa hata ikibidi auze mbuzi.

Januari mahindi yetu yalikuwa yamefika magotini na magugu yamefika kiunoni. Mume wangu akaleta vijana watatu, Warundi wa kambini. Hapa kwetu si jambo geni. Hawaruhusiwi kutoka bila kibali, lakini wanachomoka alfajiri kutafuta kibarua, maana mgao wa chakula umepunguzwa na hela hawana. Raia wa hapa kijijini anadai shilingi 45,000 kupalilia eka moja. Wale walikubali 30,000. Shamba ni eka mbili na nusu, kwa hiyo mapatano yakawa 75,000, wagawane 25,000 kila mtu.

Walifanya kazi siku sita, mimi ndiye niliyewapikia. Mkubwa wao alikuwa mrefu, si mwongeaji, na mpini wa jembe lake ulikuwa umepasuka akaufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mdogo wao hakuzidi miaka 17. Huyo alikuwa akilima anaimba Kirundi, na mwanangu wa kwanza, ambaye yuko kidato cha pili, anamwitikia kutoka huku nyumbani, kwa sababu Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake.

Siku ya sita jioni wakanawa miguu, wakakaa chini ya mwembe wakisubiri hela yao. Mume wangu akasema anakwenda dukani kuchenji noti. Aliporudi alikuwa na mgambo wawili na vijana wa sungusungu. Nikasikia tu, "Vibali!" Wawili wakatimkia kwenye mihogo. Yule mrefu walimkamata, wakamchapa fimbo tatu za mgongo, wakampakia kwenye pikipiki na kwenda kumshusha njia ya kambini, wakamwambia akionekana tena atalala ndani. Jembe lake lilibaki limeegemea ukuta wa jiko. Mpaka leo liko pale pale.

Mgambo walipewa 20,000 "ya soda". Hizo 55,000 zilizobaki zimenunua bati mbili, tumeezekea choo. Mama, kila nikiingia chooni naangalia juu.

Nilimsemesha usiku ule. Akaniambia hao hawana kibali, sheria haiwatambui, watamshtaki kwa nani? Akasema wametuibia mihogo na kumaliza miti yetu ya kuni. Akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimewapa jembe, wanataka nini tena?" Mimi nikamkumbusha semina ya kanisani, tulifundishwa kwamba sisi sote ni raia wa dunia. Akanijibu, "Basi dunia iwalipe."

Sasa wifi yangu anapita akisema nawatetea Warundi kwa sababu bibi yangu mzaa mama alitokea ng'ambo. Hilo ni kweli na sijawahi kulificha, lakini hapa nani hana bibi wa ng'ambo?

Kuna mambo ambayo mume wangu hataki kuyasikia. Mwaka juzi alishushwa kwenye basi, yuko safarini kwenda Tabora, kwa sababu ya lafudhi yake. Akaulizwa jina la babu yake na la mwenyekiti wake wa kitongoji. Akatoa kitambulisho cha NIDA, wakamwambia, "Hivi hata Warundi wanavyo." Basi likamwacha, akalala stendi. Alirudi nyumbani siku mbili hasemi na mtu. Halafu mtoto wetu wa mwisho, mwaka 2017, alizaliwa kwa upasuaji kwenye hospitali ya kambini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na hakuna aliyeniuliza mimi ni raia wa wapi. Na babu yake mume wangu alikuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge huko Tanga. Alirudi na blanketi na kikohozi, basi.

Kilichonifanya nikuandikie ni mwanangu. Juzi tunapukuchua mahindi, akasema, "Mama, mwaka ujao tuwaite wengine. Wanalima vizuri halafu hawalipwi." Hakuwa anatania. Alikuwa anapanga msimu.

Je, nilipe kimyakimya kwa mtaji wangu wa dagaa? Nimshtaki mume wangu? Au ninajitia ukarimu nisiouweza, wakati na sisi ni maskini? Ukarimu hauna mwisho, Mama?

Mke wa mkulima, Kasulu

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye bati za choo.

Ukarimu una mwisho. Kwa nyumba yenye watoto wanne na mtaji wa dagaa, mwisho wake uko hapo hapo mlangoni, na hakuna wa kukulaumu. Lakini katika yote uliyonieleza ukarimu haujaingia bado. Kuna 75,000 za watu waliolima na hawajalipwa. Ingekuwa unadaiwa na mwenye duka la mbolea, usingeniandikia kuniuliza kama kumlipa ni kujitia ukarimu. Tunababaika hapa kwa sababu mdai ni Mrundi, na mtu akishaitwa Mrundi, haki yake tunaanza kuiona kama hisani yetu. Mumeo naye anaiona hivyo hivyo, isipokuwa yeye ameamua kuinyima hisani yenyewe.

Ile methali kaikata vibaya. Wazee waliosema siku ya tatu mpe jembe walikuwa wanamwondoa mtu kwenye ugeni. Kula bure siku mbili, ya tatu uwe mmoja wetu, ulime na ule unachokilima. Jembe lilikuwa mlango wa kuingilia. Mumeo kawatia shambani siku ya kwanza, ya sita kawaletea mgambo. Na jembe lenyewe hakuwapa, mwanangu. Kijana alikuja na lake, lina utepe wa tyubu, na hata hilo mmebaki nalo ninyi.

Hebu tupige hesabu, maana wewe ni mfanyabiashara. Eka mbili na nusu kwa bei ya raia wa hapo ni 112,500. Mumeo alishaokoa 37,500 siku ile walipokubali 30,000 kwa eka, na hiyo ilikuwa kwa mapatano, kwa hiari zao, ingawa hiari ya mtu mwenye njaa ina walakini. Faida alikuwa ameshaipata kabla ya mgambo kuonekana. Kisha akachukua na iliyobaki. Kwa hiyo anaposema Warundi wanaharibu bei ya kibarua hapo kijijini, na najua mnalisema sana, muulize taratibu ni nani aliyetaja ile 30,000. Jirani yenu aliyekuwa anapalilia kwa 45,000 mwakani atakosa kazi kabisa, kwa sababu kuna watu wanaopatikana kwa fimbo tatu na soda ya mgambo. Nani atamlipa mwenyeji ikiwa mgeni analima bure?

Kuhusu kibali nisikudanganye. Sheria ya wakimbizi ya 1998 ipo, kutoka kambini kunahitaji ruhusa na kufanya kazi kunahitaji kibali. Vijana wale walikosea. Aliyewaajiri naye alikosea, kwa sababu kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia, ila sijasikia kwamba mgambo walimwuliza mwenye shamba kibali chake. Haya, kosa la kutoka bila kibali lina adhabu zake, na kulima bure haimo. Soma Katiba yetu uone mahali pengine inaposema "kila raia", na mahali pengine "kila mtu". Waliiandika kwa makusudi. Kupiga kura ni kwa raia. Ibara ya 23 inaposema kwamba kila mtu anayefanya kazi anastahili kupata malipo ya haki, raia hatajwi. Na kwa kuwa ninyi ni watu wa kanisani, fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 24, palipoandikwa habari za kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni, kwamba alipwe siku ile ile jua halijazama. Hata saa imetajwa. Mumeo jua lilimkuta yuko dukani anachenji noti.

Sasa nikusimulie jambo ambalo silisimulii sana.

Mimi nimezaliwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, baba yangu akiwa karani wa shamba. Nawajua manamba. Walioajiriwa na mawakala wa wakulima wa mkonge waliletwa kwa treni, wengi wao watu wa Kasulu na Kibondo, wengine wa Rwanda na Burundi yenyewe, na ukiwa Tanga hutofautishi, wote kwetu walikuwa "watu wa bara". Kila mmoja ana namba yake, na ndiko jina lilikotoka. Kila mmoja ana kipande, karatasi ya siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, au karani akisema hukumaliza, siku ile haipo. Umeamka, umekatwa na miiba ya mkonge, umerudi, lakini hukuwa kazini. Mshahara ni mpaka alama 30 zitimie. Sisi watoto tukitaka kumtukana mwenzetu mchafu tulimwambia, "Muha we!" Nakuandikia neno hilo wewe Muha nikiwa na aibu, lakini ndivyo tulivyosema.

Jioni moja alikuja mtu nyumbani kwetu ameshika kipande chake kwa mikono miwili. Alikuwa anadai siku mbili. Baba akajibu akiwa ndani, aje ofisini kesho. Mama akamwonea huruma, akamzungusha uani, akampa ugali na dagaa kwenye bakuli la bati. Alikula amechuchumaa. Alipomaliza aliliosha bakuli mwenyewe, akalifunika kichanjani, akashukuru, akaondoka. Kesho yake siku mbili zile hazikuandikwa, wala kesho kutwa.

Miaka na miaka nimekisimulia kisa hicho kumsifu mama yangu, jinsi alivyokuwa mkarimu hata kwa manamba. Nilikuwa na wajukuu tayari siku niliyojiuliza siku mbili zile zilikwenda wapi. Zilibaki kwenye vitabu vya shamba, na mshahara wa baba ulitoka kwenye vitabu hivyo hivyo. Bakuli lile lilikuwa lake yule mtu, tena kapunjwa. Mama yangu alimpa sehemu ya chake, akashukuriwa.

Umenielewa kwa nini nimekueleza? Wewe umewapikia wale vijana siku sita. Umefanya vema na usijute hata sahani moja. Lakini naona kwenye barua yako kwamba kuna saa unakitumia chakula kile kujituliza. Hakikutulizi kwa sababu hakitoshi, na nafsi yako inajua. Huenda yule mtu wa kipande alikuwa babu yake mumeo. Walikuwa maelfu, sijui. Ila yupo aliyerudi Kasulu na blanketi na kikohozi, na karani mmoja wa Tanga alikula siku zake.

Nirudi kwenye "dunia iwalipe". Nilicheka, mumeo ana ulimi. Na katika hilo kamzidi mwenye semina yenu. Maneno ya raia wa dunia ni matamu kwa sababu hayamdai mtu shilingi. Mimi nimesoma enzi za TANU, tulikariri ahadi za mwanachama, na ya kwanza ni "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja." Nilikuwa naisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha njiani kurudi nyumbani, "Muha we!" Udugu wa watu wote hauna hazina mahali fulani inayolipa vibarua. Ukifika siku ya malipo, dunia yote kwa yule kijana ilikuwa mwanamume mmoja mwenye shamba la eka mbili na nusu. Ndiye aliyetakiwa kuwakilisha, akaenda kuchenji noti.

Wala usidhani nchi hii ilikuwa inaimba tu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kwenye mapori, wakapewa ardhi na majembe. Walifyeka, wakalima mahindi na tumbaku, na walichovuna kikawa chao. Mwaka 2014 wapatao 162,000 kati yao, pamoja na watoto waliozaliwa huku, walipewa uraia. Mwalimu Nyerere alitunukiwa tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983 kwa mambo ya namna hiyo. Ile ndiyo methali ya jembe ilivyotekelezwa mpaka mwisho wake, na imechukua miaka zaidi ya arobaini. Nchi hii hii, mwaka 2013, ilifanya operesheni ya kuondoa wahamiaji katika mikoa yenu ya Kagera, Kigoma na Geita, na vilio vilisikika vya raia waliokumbwa humo kwa sababu ya majina na lafudhi. Watu wa Kigoma mnalijua hilo kuliko mimi. Chombo cha kumpimia Mrundi ni lafudhi, na lafudhi yenu ni hiyo hiyo. Kila mgambo anapopelekwa kumkamata mtu kwa namna anavyosema, mumeo anajipunguzia mwenyewe umbali wa safari ijayo ya kwenda Tabora.

Wala sitadharau malalamiko ya kijiji. Kambi inapokaa mahali tangu 1996, kuni zinakwenda mbali, hilo si uzushi. Mihogo inaibwa. Miaka ya tisini kule kwenu kulikuwa na ujambazi wa bunduki, kuna watu walizika, na mtu aliyezika humwambii habari za udugu akakuitikia haraka. Mwenye kuibiwa mihogo ana haki ya kukasirika na haki ya kumtafuta mwizi. Ila wale watatu siku sita walikuwa shambani kwenu mchana kutwa, na hukunieleza kwamba walibeba hata muhogo mmoja. Kulipisha mtu deni la mwizi asiyemjua, kwa sababu wanasema lugha moja, ndilo alilofanyiwa mumeo pale kwenye basi.

Basi sasa, ufanyeje.

Usilipe kwa siri. Najua ndilo ulilolitaka nikuruhusu. Ukitoa mtaji wa dagaa ukapeleka kimyakimya, deni litageuka sadaka yako, bati zitabaki faida ya mumeo, na kijana wenu wa kidato cha pili atajifunza kwamba akina mama wana huruma na wanaume wana akili. Utakuwa mama yangu na bakuli lake.

Usimshtaki pia. Hilo nimelifikiria usiku mzima. Ukienda kituoni kusema mume wangu hakuwalipa Warundi, watakaotafutwa kwanza ni Warundi. Fimbo tatu zitakuwa kumi.

Zungumza na mumeo, usiku, wifi yako akiwa kwake. Usianze na Warundi. Anza na basi. Mwanamume aliyenyamaza siku mbili ana jambo ambalo hajamwambia mtu, na wewe ndiye wa kuambiwa. Muulize nini kilimuuma zaidi pale, kuachwa na basi au kitambulisho chake kuitwa cha uongo. Mwache aseme mpaka amalize, hata kama itachukua usiku tatu. Akimaliza, usimpe hotuba. Mwambie tu yule mrefu alikaa chini ya mwembe kama yeye alivyokaa stendi. Kisha mkumbushe mtoto wenu wa mwisho alikozaliwa, na kwamba siku ile aliyekuwa mgeni ni wewe.

Halafu mpe hesabu. Deni ni la nyumba, maana mahindi mmekula wote na choo mnaingia wote. Ni 75,000 kamili. Zile 20,000 za mgambo ni matumizi yake mwenyewe, vijana hawahusiki nazo. Litengwe gunia la mahindi ya shamba lile lile walilopalilia, liuzwe, na likipungua mwongezee kwenye dagaa ukiwa mbele yake, kwa kuandika. Akikataa kabisa, mwambie wazi kwamba wewe utalipa nusu yako, na nusu yake unaiandika ukutani karibu na kalenda. Sikuahidi kwamba atafurahi. Unaishi naye, unamjua, ukiona hasira zinazidi simama hapo uendelee siku nyingine.

Hela isipelekwe na wewe, na vijana wasiitwe kijijini. Mchungaji anayeingia kambini kwa ibada anafaa, au yeyote mnayemwamini anayeingia kwa ruhusa. Aelezwe wako watatu, kila mmoja 25,000 mkononi mwake. Usimpe mkubwa awagawie. Huenda wengine wamesharudi Burundi, watu wamekuwa wakirejeshwa na kurejea tangu 2017, lakini ndugu na majirani wa zoni yao hawakosekani, habari hufika. Fimbo tatu sina bei yake. Hizo mumeo atakaa nazo, na ikitokea siku wakakutana uso kwa uso atajua la kusema.

Ukishamaliza hayo ndipo uniulize habari za ukarimu, kama bado utakuwa na hamu nao. Kulipa mapema mwakani, kwa bei ya raia, kwa mtu mwenye kibali, mimi ningekuita mkarimu kwa hilo tu.

Mwanao asikose kuwepo siku ya kuhesabu. Mpe yeye azihesabu noti na kuzitia kwenye bahasha tatu. Asipewe somo, anajua kidato cha pili masomo ni mengi. Akiuliza kwa nini, ajibiwe na baba yake. Kama baba yake atashindwa kujibu, hilo nalo mtoto atalisikia. Na yule mdogo wao aliyekuwa akiimba, mwanao alimwitikia nyimbo siku sita bila kufundishwa na mtu. Kile nacho ni chake, usikisahau unapomtazama ukaona mpangaji wa msimu.

Jembe liende pamoja na bahasha. Kama mumeo anajua kuchonga, na mkulima gani wa Kasulu hajui, atie mpini mpya kabla halijaondoka. Asipotaka, lifutwe udongo tu, liende na utepe wake wa tyubu.